Bima ndogo ya gari kwa jicho la aliyegongwa

Tathmini nyingi za bima ya gari huandikwa kwa ajili ya anayenunua: bei, usumbufu wa wakala, stika imetoka baada ya dakika ngapi. Kwa bima ndogo, yaani ile ya lazima inayomlipia mtu mwingine aliyedhurika na gari, hilo ni kosa la kupima upande mmoja, kwa sababu anayeilipia siye atakayeitumia. Mwenye gari dogo binafsi analipa Sh 118,000 kwa mwaka (laki moja kamili, juu yake VAT ya asilimia 18), anaonekana kwenye mfumo, trafiki akimsimamisha hana wasiwasi, basi. Wa kuitumia ni mama anayevuka barabara Mbagala, abiria wa daladala, kijana aliyekuwa nyuma ya bodaboda. Yeye hakuchagua kampuni wala hakusoma sharti hata moja. Hapa tunaipima bidhaa hiyo kutoka upande wake, kwa utaratibu wa Tanzania Bara.

Tathmini yetu kwa kifupi: bidhaa yenyewe ni nzuri kuliko inavyosemwa mitaani, ila njia ya kuifikia imejaa mashimo. Kampuni hailipi jeraha lisiloandikwa, na majeraha ya ajali yana tabia ya kujitokeza baada ya karatasi kuandikwa. Madai mengi yanakufia hapo, na si kwenye ubahili wa kampuni kama watu wanavyodhani.

Inalipia nini

Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki barabarani kuwa na bima inayolipia kifo na majeraha ya mtu mwingine. Mpita kwa miguu yumo, mwendesha baiskeli yumo, aliye kwenye gari jingine yumo. Abiria wa chombo cha kukodi, yaani daladala, basi, teksi, bajaji na bodaboda, naye yumo, na ndiyo maana bima za mabasi hukokotolewa kwa idadi ya viti. Mali iliyoharibika, kama kibanda au gari la mwenzako, hulipwa hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Nje wapo watu watatu. Wa kwanza ni dereva mwenye kosa: mguu wake na gari lake ni juu yake. Wa pili ni uliyempa lifti kwenye gari binafsi, ambaye sheria haikulazimishi kumkatia bima. Kampuni nyingine humweka, nyingine humtoa, na jibu liko kwenye mkataba tu. Wa tatu ni mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini kwa mwenye gari, mfano utingo. Huyu njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na ana miezi 12 ya kuwasilisha dai. Utingo wengi hawana mkataba wa maandishi, na mwajiri anaweza kumkana asubuhi inayofuata. Kwa hiyo akusanye ushahidi wa ajira mapema: meseji za kutumwa safari, miamala ya posho kwenye simu, shahidi wa stendi.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kwa aliyegongwa, bima ndogo na bima kubwa hazina tofauti kubwa. Gari la milioni 20 lenye bima kubwa kwa asilimia 3.5 linamgharimu mwenyewe Sh 700,000, pamoja na VAT ni 826,000, lakini nyongeza hiyo yote inalinda bati lake. Sehemu inayokuhusu wewe uliyelala wodini ni ileile. Usikate tamaa kwa sababu umeambiwa "ana bima ndogo tu".

Kuihakiki kabla gari halijaondolewa

Hii ndiyo sehemu tunayoipa alama za juu kabisa. Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uko wazi kwa kila mtu mwenye simu. Weka namba ya usajili wa gari au namba ya stika, utaona kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Piga picha ya kioo cha simu papo hapo. Soma mstari wa matumizi: pikipiki iliyokatiwa bima ya binafsi huku inabeba abiria wa kulipa ni mgogoro mtupu, na kampuni itaushikilia kwa mikono miwili.

Pamoja na hiyo, piga picha za namba za magari yote mawili, leseni ya dereva, magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa, alama za matairi, na alama za barabarani zilizo karibu. Chukua namba za simu za mashahidi wawili wasiokuwa ndugu zako. Kama mgonjwa hawezi, ndugu afanye.

Halafu kuna ile sauti ya barabarani: "Ndugu yangu, tuyamalize kiutu uzima, nitakupeleka hospitali, nitagharamia." Laki mbili mkononi, trafiki hakuitwa, kila mtu na njia yake. Kwa mkwaruzo wa bampa ni sawa. Kwa mtu aliyeumia ni hasara karibu kila mara, kwa sababu bila jalada la polisi hakuna RB (namba ya taarifa ya polisi), hakuna ramani ya ajali, hakuna PF90 (ripoti ya mwisho ya polisi), na bila hivyo kampuni haina cha kufungua. Fedha za matibabu dereva anaweza kutoa bila kosa lolote. Pokea, andikishaneni kuwa ni msaada wa matibabu, na jalada liendelee.

Majeraha yenyewe, na namna yanavyopotea kwenye karatasi

PF3 ndiyo karatasi ya kwanza na ndiyo inayoua madai mengi. Inatolewa na polisi bila malipo, daktari anajaza upande wake: jeraha gani, liko wapi, ukubwa gani. Mgonjwa aliye hatarini atibiwe kwanza, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Tatizo lake ni kwamba hujazwa siku ya kwanza, kwenye chumba cha dharura chenye foleni, na daktari huandika kinachopiga kelele kuliko vyote. Mguu uliovunjika unaandikwa. Kichwa kilichogonga lami hakiandikwi, kwa sababu mgonjwa alikuwa anaongea vizuri. Miezi sita baadaye, mezani kwa ofisa wa madai, inasomwa hivi: "Mama, hapa tunaona mguu wa kulia tu. Hicho kichwa unachosema kimetokea wapi?"

Kwa hiyo tuyapitie yale yanayotokea sana.

Mguu chini ya goti ndio unaoongoza kwa wapita njia na wapanda pikipiki, kwa kuwa bampa la gari dogo linafikia hapo hapo. Mfupa wa ugoko umefunikwa na ngozi tu kwa mbele, hivyo mara nyingi hutoboa nje. Mvunjiko wa wazi wa namna hiyo unahitaji antibayotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 1, na kuoshwa vizuri chumba cha upasuaji kabla ya kufungwa vyuma. Ukioshwa juu juu na kushonwa haraka, usaha huingia kwenye mfupa na mwaka mzima unapotea. Hata usiotoboa una hatari yake: uvimbe ndani ya misuli ukibana mishipa ya damu, nyama hufa ndani ya saa chache. Dalili ni maumivu yaliyozidi kiasi, yasiyosikia dawa, na yanayopanda ukinyoosha vidole vya mguu. Ganzi ikifuata, muda umebaki mchache. POP (plasta ngumu ya mfupa) iliyobana hupasuliwa mara moja, hata kama ni saa nane usiku. Waganga wa kuunga mifupa wanaofunga vijiti kwa nguvu wamesababisha watu kukatwa miguu kwa sababu hiyohiyo. Na kwa upande wa dai, mganga hana risiti wala ripoti, na kampuni itasema wewe mwenyewe ndiye uliyezidisha jeraha.

Paja likivunjika, mtu anaweza kupoteza lita 1 hadi 1.5 ya damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Mgonjwa mwenye paja lililovimba, jasho baridi na mapigo ya haraka hapaswi kusubiri zamu ya eksirei kwenye benchi. Upasuaji wa kuweka chuma ndani ya mfupa hufanyika kwenye hospitali kubwa kama taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili, Bugando au KCMC. Kumbuka kuandikisha pia upasuaji wa pili wa kutoa chuma, endapo daktari anaona utahitajika: gharama ya baadaye inadaiwa sasa, kwa makadirio ya maandishi ya hospitali. Ukishapokea malipo ya mwisho hurudi tena.

Kichwa ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Eksirei ya kawaida ya fuvu haionyeshi damu iliyovuja ndani. Kipimo ni CT scan. Hata pasipo CT scan, muuguzi anaweza kuandika alama za fahamu za Glasgow, kuanzia 3 hadi 15, na saa alizopima. Namba hizo zina thamani kubwa baadaye kuliko maelezo marefu. Aliyeruhusiwa nyumbani aangaliwe saa 24 za mwanzo: kutapika mara kwa mara, maumivu yanayoongezeka, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, degedege, majimaji angavu kama maji kutoka puani au sikioni. Lolote kati ya hayo, hospitali haraka. Kwa wazee na wanaotumia dawa za kupunguza damu kuganda, damu inaweza kujikusanya taratibu na kujidhihirisha wiki kadhaa baadaye kwa kusahau, kuyumba au udhaifu wa upande mmoja. Familia husema mzee amechoka. Kampuni husema ni uzee. Kilichookoa madai ya namna hiyo ni mstari mmoja ndani ya PF3: "aligonga kichwa, alipoteza fahamu kwa dakika kadhaa." Msisitizie daktari auandike, hata kama kichwa hakiumi.

Shingo ya aliyegongwa kwa nyuma ina kituko chake. Siku ya ajali haiumi sana. Kesho yake au keshokutwa haigeuki. Eksirei inatoka safi kwa sababu kilichoumia ni misuli na kano. Kampuni huliona kama jeraha la kuigiza, na kwa kweli wapo wanaoigiza, hivyo anayeumwa kweli ndiye anayelipia. Dawa yake ni moja: rudi hospitali ileile ndani ya siku mbili tatu, faili lilelile, daktari aandike shingo inageuka kiasi gani kila upande, upewe rufaa ya fiziotherapia, na kadi ya mahudhurio igongwe muhuri kila unapokwenda. Kadi yenye mihuri kumi na mbili inabishika kwa shida.

Tumbo: michubuko ya mkanda wa gari tumboni au usukani uliokita chini ya kifua ni onyo. Bandama ikipasuka, maumivu yanaweza kusikika kwenye bega la kushoto, jambo linalowapoteza wengi. Ultrasaundi ya tumbo ndiyo kipimo cha haraka. Bandama inaweza pia kuvuja siku kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshaanza kazi.

Mtulinga, mbavu, kiwiko na moto wa ekzosi ya pikipiki vinaandikika vyenyewe. Meno husahaulika, jino la mbele lililong'oka ni jeraha kamili lenye gharama zake, liorodheshwe.

Likitokea jambo jipya baada ya PF3 kujazwa, haifutwi wala haichezewi. Unaomba ripoti ya ziada ya daktari, kwenye karatasi ya hospitali, yenye namba ya faili lilelile, tarehe ya ajali, na sentensi inayounganisha tatizo jipya na ajali hiyo. PF3 yenye kalamu mbili tofauti ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

Kudai, na pale panapokwama

Faili linalokubalika lina PF3, PF90, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, ripoti za hospitali, risiti, uthibitisho wa kipato na kitambulisho. Kwa aliyefariki ongeza cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa mwili, na barua ya usimamizi wa mirathi. Wanaodai ni mwenza, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea. Shangazi aliyekuwa akitunzwa na marehemu atapata shida hata kama hali yake inaeleweka kabisa.

Hukumu ya trafiki ndiyo inayochelewesha. Dereva akikiri kosa mahakamani, nakala inapatikana mapema na hatia yake haibishaniwi tena. Akiruka dhamana, kesi hulala, na kampuni nyingi hukuambia usubiri. Usisubiri bila kikomo: dai la madhara la namna hii lina miaka 3 tangu ajali, na miaka hiyo haisimami kwa sababu barua zako hazijajibiwa. Mwenye gari anashtakiwa kwa madai pamoja na dereva wake, hata dereva akiwa hajulikani aliko. Jina la mmiliki litafute kwenye usajili wa TRA, maana magari mengi yameuzwa bila kubadilishwa jina na muuzaji wa zamani atakuja na mkataba wa mauziano mkononi.

Kosa la kiufundi linaloumiza hata mawakili wachanga ni kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Mkataba ni kati yake na mwenye gari. Njia ni kupata hukumu dhidi ya mwenye gari, ndipo sheria inailazimu kampuni kuilipa, na sharti mojawapo ni kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi. Muda wa taarifa hiyo unahesabiwa kwa siku, hivyo ipeleke kabla ya kufungua kesi, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukisikia kisingizio kwamba gari lilikuwa bovu, dereva alikuwa na umri usiostahili au abiria walizidi, usikubali kirahisi: masharti ya aina hiyo kwa kawaida hayamfungi majeruhi. Kampuni inalipa, kisha inamfuata mteja wake.

Fedha zinagawanyika mara mbili. Gharama halisi, yaani dawa, vipimo, usafiri na mshahara uliopotea, lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1992 na tangu hapo hakuna huruma. Risiti za EFD, si karatasi za daftari. Nauli za bodaboda kwenda kliniki lipa kwa simu ili muamala ubaki. Risiti za mashine hufifia, zipige nakala mwezi huohuo. Mama lishe au fundi asiye na hati ya mshahara atumie leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali, miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, na maelezo ya wauzaji anaonunua kwao. Upande wa pili ni fidia ya jumla ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua, ambayo mahakama hukadiria yenyewe. Humo ndimo kampuni hupunguza sana inapotoa ofa nje ya mahakama. Kama hukuvaa helmeti au ulikatiza pasipo kivuko, tegemea pia makato ya mchango wako kwenye ajali.

Ofa ya kwanza hufika mapema, mara nyingi mgonjwa akiwa bado na magongo, ikiambatana na hati ya kukiri "malipo kamili na ya mwisho". Hapo tunazipa kampuni alama za chini. Asilimia ya ulemavu wa kudumu haipimiki kabla mfupa haujaunga, na ugoko unaweza kuchukua miezi minne hadi sita, zaidi kama uliingia usaha. Usisaini hati hiyo kabla ya ripoti ya ulemavu. Unaweza kuomba malipo ya awali ya matibabu kwa hati inayosema wazi kuwa ni sehemu tu.

Vishoka wanaozunguka wodi wakiahidi "kukufuatilia" tunawapa sifuri. Wanachukua PF3 halisi, wanapotea nayo, au wanasaini ofa kwa niaba yako. Karatasi halisi zikae kwako. Mwingine yeyote apewe nakala.

Kampuni ikinyamaza au ikikataa, andika malalamiko kwa mkurugenzi wake, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Hutozwi, huhitaji wakili, ila ana kikomo cha kiasi anachoweza kuamua. Dai kubwa la ulemavu linaweza kukipita na likaishia mahakamani.

Pale ambapo stika haikusaidii

Gari lililokimbia bila kutambuliwa: bima ndogo haina la kufanya, bima yako ya afya ndiyo tegemeo. Gari la Serikali lina njia yake: notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kwa hiyo zihesabu siku hizo ndani ya miaka yako mitatu. Lori la Kenya, Rwanda, Burundi, Zambia au Kongo kwenye barabara ya Tunduma au Rusumo huwa na Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania inashiriki. Piga picha ya kadi hiyo na usome namba, tarehe na nchi zilizoruhusiwa kabla lori halijaachiwa na polisi, kwa sababu likishavuka mpaka, dereva hutampata tena na TIRA MIS haitakuonyesha kitu.